Kitabu Kilichofumuliwa

Ukimtembelea mkusanyaji wa picha za Kijapani, atakupeleka ukutani. Atakuonesha wimbi, atakuonesha mlima mwekundu, atakuonesha mwanamke wa Utamaro akijitazama katika kioo, kila picha ndani ya fremu yake na taa yake juu. Atakwambia kuwa hii ilichapwa mapema, ile ilichelewa kidogo, na kwamba bei ya hii imepanda mno tangu alipoinunua. Vitabu, ikiwa anavyo, vimelazwa kabatini, na aghalabu hatakumbuka kukufungulia mpaka umwombe. Nimewatembelea watu wa namna hii katika miji mitatu, na sikumbuki hata mmoja aliyeanza na kabati.

Nataka kulitetea kabati. Nathubutu kusema kwamba biashara ya picha za Kijapani, pamoja na mema yote iliyoyafanya, imetufundisha kuitazama sanaa hiyo kwa jicho la fremu, na kwamba kwa jicho hilo kazi bora kabisa ya Hokusai haionekani. Simsemi mtu mmoja mmoja. Nasema juu ya mazoea ya kutazama, ambayo ni magumu kuondoka kuliko mazoea ya kula.

Niseme kwanza niliingiaje humo. Kwa miaka kadhaa nilifundisha Kiswahili huko Osaka, katika Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni, ambacho mwaka 2007 kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Osaka. Mshahara wa mwalimu mgeni haumruhusu mtu kununua Hokusai wa ukutani. Lakini tarehe 21 na 22 za kila mwezi kuna mnada wa vikorokoro katika uwanja wa hekalu la Shitennoji, na pale, baina ya mabirika ya chuma na kimono kuukuu, utakuta vitabu vimepangwa juu ya turubai: juzuu moja moja zilizopotezana na ndugu zake, majalada yamechakaa, uzi umekatika. Juzuu ya namna hiyo ilinigharimu kiasi cha chakula cha jioni cha watu wawili. Nikanunua moja, nikarudi mwezi uliofuata, na mambo yakaendelea hivyo. Baadaye nikaanza kuuza nilivyokuwa navyo viwili viwili, ili nipate fedha ya kununua nisivyokuwa navyo. Kwa hiyo msomaji asinidhanie mtakatifu anayeitazama biashara kutoka mbali.

Edo, yaani mji unaoitwa Tokyo sasa, ulikuwa mji wa wasomaji. Mwaka 1808 ulikuwa na zaidi ya maduka 600 ya kuazimisha vitabu kwa malipo, na watumishi wake walibeba mirundo ya vitabu mgongoni wakipita nyumba kwa nyumba. Mchapishaji aliyetoa picha za karatasi moja moja ndiye aliyetoa na vitabu. Mchoraji alikuwa yule yule, na kazi ya mchongaji wa ubao na ya mpiga chapa ilikuwa ile ile. Hakuna Mjapani wa wakati ule aliyefikiri kwamba picha ya karatasi moja ndiyo sanaa na kitabu ni karatasi tu za kupitishia wakati. Husimuliwa hata kwamba mchoraji Mfaransa Félix Bracquemond alimjua Hokusai kwa mara ya kwanza mwaka 1856, huko Paris, kwa kuona juzuu ya Manga, ule mkusanyo mkubwa wa michoro ya watu na wanyama na kazi za mikono, uliofikia juzuu 15 na kuchapishwa kuanzia 1814 hadi 1878. Ikiwa ni kweli, basi Ulaya iliingia kwa mlango wa kitabu.

Haikukaa hapo. Hayashi Tadamasa alifika Paris mwaka 1878 akiwa mkalimani wa maonesho makubwa ya mwaka ule, akabaki na kuwa mfanyabiashara mashuhuri kuliko wote wa fani hii. Katika miaka 11, kuanzia 1890, aliletewa picha za karatasi moja moja zaidi ya 150,000. Vitabu vya picha havikutimia 10,000. Tarakimu hizo mbili zinaeleza mengi kuliko ninavyoweza kueleza mimi. Mteja wa Paris alitaka kitu cha kutundika. Kitabu hakitundikiki, na tena kimejaa maandishi asiyoweza kuyasoma.

Hapa ndipo mkasi unapoingia. Ili msomaji aelewe ubaya wake, hana budi kuelewa kwanza namna kitabu cha Kijapani kilivyoshonwa. Watu wengi, hata wanaouza, hawajakaa kulitafakari jambo hili.

Karatasi moja nyembamba, itokanayo na magome ya mti wa jamii ya mforsadi, huchapwa upande mmoja tu. Kisha hukunjwa katikati, chapa ikabaki nje, na kingo mbili zilizo wazi ndizo zinazoshonwa mgongoni kwa uzi upitao katika matundu manne. Kunjo lenyewe liko nje, mahali ambapo sisi tumezoea kukuta ukingo wa karatasi. Kila jani basi ni kama mfuko: ukiingiza kidole ndani yake utaona weupe mtupu. Sasa tazama linalofuata. Picha iliyoenea katika kurasa mbili zinazotazamana haikuchapwa kwenye karatasi moja. Nusu yake ya kulia iko nyuma ya jani lililotangulia. Nusu yake ya kushoto iko mbele ya jani linalofuata. Zilichapwa mbalimbali, wala hazikukutana mpaka kitabu kiliposhonwa na mtu akakifungua.

Ukikifumua kitabu hicho na kuyakunjua majani yake, kila karatasi itakuonesha nusu ya picha moja upande huu na nusu ya picha nyingine upande ule: mgongo wa farasi, na kando yake kilele cha mlima ambao farasi huyo hakupata kuuona. Mfumuaji basi hukata kwenye kunjo, akatafuta nusu mbili zinazooana, akazibandika juu ya kadi. Picha anayokuuzia ameiunda yeye. Haikupata kuwako duniani ikiwa karatasi moja, na sasa imekuwako kwa gundi. (Anayetaka kuitambua asihangaike sana. Atazame katikati, ataona matundu ya sindano. Atazame kingo za nje, ataona mabaki ya jina la kitabu na namba ya ukurasa, yaliyokatwa pale kunjo lilipokuwa.)

Najua nitaambiwa kwamba nusu mbili zilizobandikwa vizuri zinamwonesha mtazamaji kile kile alichokiona mwenye kitabu. Hili si kweli, na ushahidi wangu ni kitabu kimoja.

Hokusai alitoa juzuu ya kwanza ya Fugaku Hyakkei, yaani mandhari mia za Fuji, mwaka 1834, na ya pili mwaka 1835. Ya tatu ilikuja miaka mingi baadaye. Mchongaji mkuu wa mbao zake alikuwa Egawa Tomekichi, na mistari yake ni myembamba kama unywele wa mtoto. Picha ni 102, ingawa jina linasema mia. Hakuna rangi humo isipokuwa wino mweusi na kijivu. Miaka michache kabla, kiasi cha 1831, mzee huyo huyo alikuwa amekwisha kutoa mandhari 36 za Fuji katika karatasi kubwa za rangi, akaongeza 10 baadaye, na miongoni mwa hizo ndimo lilimo lile wimbi ambalo dunia nzima inalijua. Wimbi hilo sasa liko juu ya vikombe, fulana na miavuli, na tangu Julai 2024 liko nyuma ya noti ya yeni 1,000. Nakala moja iliuzwa New York mwezi Machi 2023 kwa zaidi ya dola milioni 2.7. Ikiwa bei ndiyo hukumu, basi hukumu imekwisha kutolewa na sina haja ya kuendelea.

Tuendelee hivyo hivyo. Katika juzuu ya pili ya kile kitabu cha kijivu mna wimbi jingine. Jina lake ni Fuji kutoka baharini. Halina mashua, halina wavuvi walioinamia makasia yao. Mna maji, mlima mdogo ulio mbali, na ndege. Povu la wimbi linapasuka kwenye ncha zake, na vipande vya povu, usipojua ni wapi hasa, vinakuwa ndege wanaoruka. Wengi huishia kusema kwamba hilo ni wazo zuri. Ni zaidi ya wazo. Mjapani husoma kutoka kulia kwenda kushoto. Katika picha kubwa ya rangi wimbi linatoka kushoto, linalipiga jicho uso kwa uso, na kwa hiyo linatisha. Katika kitabu wimbi linatoka kulia, linakwenda pamoja na jicho, na ndege wanaelekea kushoto, kwenye ukingo wa jani, pale ambapo kidole cha msomaji kimekwisha kushika tayari kufunua. Hokusai ameutia mwendo wa mkono ndani ya picha. Ibandike juu ya kadi, itie ndani ya fremu: ndege wanaruka kuelekea kwenye ubao wa fremu. Hawana pa kwenda.

Tena kuna jambo la mfuatano. Kitabu kizima ni mchezo wa kujificha baina ya mzee na msomaji. Mara mlima unajaza kurasa mbili, mara uko nyuma ya wavu wa mvuvi, mara umeingia ndani ya kikombe cha mnywaji. Mara moja umepinduka kichwa chini: mwanga umepita katika tundu la ubao, ukauangusha mlima juu ya karatasi ya dirisha, na waliomo chumbani wameshangaa. Anayefungua kitabu anajifunza upesi kwamba Fuji utakuwapo, ila hajui utatokea wapi, na furaha yake iko katika ile nukta ya kutafuta.

Sisi tuliokua na tenzi tunayo njia ya kulielewa jambo hili ambayo wakusanyaji wa Paris hawakuwa nayo. Katika utenzi kila ubeti una vipande vinne. Vitatu vya kwanza vina kina chao cha ndani, kinachobadilika kwa kila ubeti, na cha nne kinarudia kina kile kile kutoka ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, hata beti zikifika elfu. Chukua ubeti mmoja, uuchomoe, uutundike ukutani. Vipande vitatu vitaitikiana vizuri. Cha nne kitamalizia kwa sauti isiyoitikiwa na chochote, na mgeni atadhani mtunzi ameteleza. Fuji katika kitabu hiki ndiyo kina cha mwisho. Mlima ulio ndani ya kikombe, ukiutazama peke yake, ni kichekesho kidogo cha mlevi. Ukiufikia baada ya milima mingine mingi, ni jambo jingine kabisa.

Sisemi kwamba lile wimbi kubwa ni picha mbaya, la hasha. Buluu yake haina mfano, na mwenye macho hachoki kuitazama. Nasema kwamba lilichorwa liwe karatasi moja, nalo linajitosheleza. Kosa letu sisi tunaonunua na kuhakiki ni kukichukua kipimo chake tukakitumia kwa kitu kilichochorwa kiwe kitabu. Kwa kipimo cha ukutani Fugaku Hyakkei ni kazi ya kijivu, ndogo (ukurasa hauzidi kiganja kilichonyooshwa kwa mengi), ya mzee aliyeishiwa rangi. Nimesoma maelezo ya minada yanayokaribia kusema hivyo.

Hata hivyo si kila kitabu cha Kijapani kina mshono huo. Vipo vilivyotengenezwa kwa karatasi nzima nzima, kila moja ikakunjwa picha ikiwa ndani na kubandikwa kwa jirani yake, na hivyo picha haikatwi na mgongo. Kitabu cha wadudu cha Utamaro, Ehon Mushi Erami, kilichotolewa na Tsutaya Juzaburo mwaka 1788, ni cha namna hiyo. Picha zake ni 15, na kila moja ina wadudu na viumbe wadogo wa bustani, pamoja na mashairi ya mzaha ambamo washairi wanajifananisha na viumbe hao katika mambo ya mapenzi. Vitabu kama hivi ndivyo vinavyofumuliwa kwa urahisi zaidi, maana havidai gundi. Na hapa mfumuaji ana hoja yenye nguvu: karatasi ni moja, picha ni nzima, amepunguza nini?

Amepunguza maneno. Nimeona karatasi za Utamaro zilizowekewa kadi yenye dirisha, na dirisha limekatwa ili mdudu aonekane na mashairi yafichike, kwa sababu maandishi yale ya mkato hayasomeki na mnunuzi wala na muuzaji. Mama zetu walijifunga kanga zilizochapwa Japani na kuletwa kwa meli, kabla viwanda vya kwetu havijaanza kuzichapa. Hebu fikiria Mjapani mmoja wa wakati ule, amependezwa na pindo na korosho za kanga, akaukata ule ukanda wenye jina na kuutupa kwa kuwa hajui Kiswahili. Kitambaa kitabaki kizuri. Lakini kanga iliyokatwa jina haiwezi tena kumwambia jirani neno, na ndiyo kazi iliyonunuliwa kwayo.

Nikiri hapa kwamba mimi mwenyewe nasoma maandishi hayo kwa shida kubwa, neno moja kwa dakika kadhaa, kamusi ikiwa mapajani. Wajapani wengi wa leo pia hawayasomi bila kufundishwa. Nadhani hii ndiyo sababu halisi ya ushindi wa picha ya ukutani, kuliko sababu zote za uzuri zinazotajwa katika vitabu vya wataalamu. Kitabu kinatuaibisha. Kinatukumbusha kwamba tumenunua kitu tusichokijua, ilhali picha iliyomo ndani ya fremu haiulizi swali.

Sasa nije kwenye fedha, maana bila fedha maneno haya yote ni ya barazani tu. Pale Shitennoji palikuwa na mzee mmoja aliyeuza majani yaliyofumuliwa, kila jani katika mfuko wa plastiki, bei yeni elfu moja au mbili. Alikuwa mtu mwungwana sana. Siku moja, baada ya kuniona nikipekua mifuko yake kwa uso wa mtu aliyefiwa, aliniambia, "Mwalimu, tazama hiki." Akatoa juzuu moja ya Manga iliyoliwa na wadudu mpaka ikawa kama kitambaa cha darizi, majani yaliyosalimika hayakuzidi sita. "Nikikiuza kizima hakuna anunuaye, kitaishia motoni. Nikiyatoa haya sita, nyumba sita zitakuwa na Hokusai. Wewe ungefanyaje?" Sikuwa na jibu la kumpinga, wala sina mpaka leo. Mwanafunzi asiye na kitu, mwenye yeni elfu moja, anakwenda nyumbani na mstari uliochorwa na Hokusai mwenyewe, na hatuwezi kumwambia asubiri mpaka atajirike.

Ila mzee yule hakuuza majani ya vitabu vilivyoliwa peke yake. Hesabu ni rahisi mno. Juzuu ya pili ya Fugaku Hyakkei, uchapaji wa baadaye, bila wenziwe wawili, haina soko kubwa. Lakini wimbi lililomo ndani yake, likibandikwa vizuri na kutiwa fremu, hufika bei ya juzuu nzima au kuipita, na bado kuna kurasa nyingine za kuuza. Kila mwenye juzuu pungufu anaijua hesabu hii. Nami niliijua, maana juzuu ya pili ndiyo niliyokuwa nayo.

Niliporudi nyumbani, mwenye hoteli mmoja wa pwani alipata habari zake. Alitaka picha 12 za kutundika vyumbani, alitaka wimbi liwe mapokezi, na bei aliyoitaja ilitosha ada ya mtoto ya mwaka mzima. Nilimwambia kwamba nitamuuzia kitabu kizima, akitaka, kwa nusu ya fedha hiyo, kwa sharti asikifumue. Akacheka. Kitabu angekiweka wapi?

Mke wangu hakucheka. "Baba Asha," alisema, "Asha atakwenda shule na kitabu hicho?" Nikamweleza habari ya kunjo na nusu mbili na ndege wanaoelekea ukingoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akakichukua, akakifungua mahali pa wimbi, akakitazama kitambo. "Ni kizuri," akasema. "Lakini wewe unakifungua mara ngapi kwa mwaka?" Ada ililipwa baadaye kwa kuuza vitu vingine, na kwa mkopo ambao sitaki kuukumbuka. Kitabu kipo. Swali la Mama Asha nalo lipo, na ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa na wataalamu.

Maana ni kweli kwamba kitabu kilichofungwa hakimpi mtu kitu. Lakini kufungwa huko ndiko kulikokihifadhi. Rangi za zamani za Kijapani, hasa buluu na wekundu wa maua, hufifia upesi kwenye mwanga. Ndugu wawili wa Boston, William na John Spaulding, waliijua hatari hiyo vizuri. Walipoikabidhi Makumbusho ya Sanaa ya mji wao mwaka 1921 picha zao zaidi ya 6,000, waliweka sharti kwamba zisitundikwe ukumbini kamwe. Watu wamelilaumu sharti hilo kwa choyo, na rangi zake zimebaki kana kwamba zilichapwa juzi. Kitabu kilikuwa na sharti hilo ndani yake tangu mwanzo, bila mwanasheria: kinaona mwanga kwa muda wa kusomwa tu, kisha kinafunikwa. Anayelitoa jani kitabuni na kulitundika mkabala na dirisha la hoteli ya pwani anaondoa na kifuniko chake.

Mwaka 2020 Makumbusho ya Uingereza ilinunua michoro 103 ya Hokusai, midogo, ya wino, ambayo hapo zamani ilikuwa ya Henri Vever, sonara na mkusanyaji wa Paris. Magazeti yalishangilia, na yalikuwa na haki. Michoro hiyo ilichorwa iwe kitabu kikubwa cha picha za kila kitu, na kitabu hicho hakikuchapishwa. Kwa kawaida mchoro wa mwisho wa mchoraji hubandikwa kifudifudi juu ya ubao, na mchongaji huchonga akiupitia, mpaka unakwisha. Mchoro hufa ili kitabu kizaliwe. Hii 103 imepona kwa sababu mradi ulishindikana. Nimeitazama na kuipenda, lakini nilisikitika kuona wahakiki wakiiita Hokusai halisi, Hokusai wa mkono wake mwenyewe, kana kwamba kile alichokitoa kwa hiari yake maisha yake yote, mbele ya watu, kikiwa na jina lake, kilikuwa Hokusai wa bandia. Yeye aliichora ikatwe.

Wapo waliolitetea kabati kabla yangu kwa elimu nisiyoifikia. Jack Hillier, Mwingereza, alitoa mwaka 1987 juzuu mbili nzito juu ya sanaa ya kitabu cha Kijapani. Mkusanyo wa Gerhard Pulverer, Mjerumani, ulinunuliwa na jumba la Freer la Washington mwaka 2007, na kurasa zake zimepigwa picha, kurasa mbili mbili kama zinavyotazamana, mtu yeyote azione kwenye kompyuta bila malipo. Hapo mkono haupo, lakini mfuatano upo, na ndege wanapofika ukingoni kuna kitu cha kubonyeza.

Anayetaka kununua leo, na mfuko wake ni kama wangu, atafute juzuu pungufu, nzima katika upungufu wake. Asiogope weusi kwenye pembe za chini za majani. Ni mafuta ya vidole vya waliosoma, na sokoni unapunguza bei. Aogope zaidi mistari iliyokatika katika michoro myembamba, na kijivu kilichokuwa kimoja kizito badala ya kufifia taratibu, maana hapo ubao ulikuwa umechoka na anachonunua ni kivuli. Juu ya hili wakusanyaji wako sawa kabisa, na mimi nimo pamoja nao.

Picha ya mwisho ya Fugaku Hyakkei imo katika juzuu ya tatu, ambayo niliipata miaka mingi baada ya ile ya pili. Ni Fuji kwa mvuto mmoja wa brashi: mstari unapanda, unageuka kileleni, unashuka. Hakuna mti, hakuna mtu, hakuna wavu wala kikombe. Msomaji aliyezoea kuutafuta mlima kwa kurasa mia anaukuta umesimama wazi, hauna tena mahali pa kujificha, kisha hakuna jani jingine la kufunua. Katika mifuko yote ya plastiki niliyoipekua, Osaka na Kyoto, picha nyingine za kitabu hicho nilizikuta mara nyingi. Hiyo sikuikuta ikiuzwa peke yake hata mara moja.